Taya la Farasi na Kiti cha Mkubwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkubwa anastaafu. Hatimaye! Ametangaza leo asubuhi, kasimama mlangoni pa chumba cha upasuaji na kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba sabuni imekwisha. Mwisho wa mwezi anaondoka. Ijumaa hii atamtaja atakayeshika kitengo cha wanyama wakubwa.

Wanyama wakubwa maana yake farasi, punda, ng'ombe na ngamia. Wanyama wadogo wako jengo la pili, wana zulia na feni tatu. Sisi tuna sakafu ya saruji na mpira wa maji.

Niandike wazi, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nakitaka kile kiti. Miaka ishirini na mmoja nimeshona, nimekata, nimeunga mifupa ya viumbe wenye uzito wa nusu tani, na muda wote huo nimekalia stuli ya miguu mitatu. Ilianza na minne. Kiti cha Mkubwa kina mikono miwili, kinazunguka, kina mto wa kiuno. Kiuno changu kimechoka. Na mwenye kiuno kachoka. Nikiwa ni mtu wa kuchoka, basi nichoke nimeegemea.

Tunaofaa ni wawili tu. Mimi, na mdogo wake mke wangu.

Ndiyo. Shemeji yangu. Niliyemfundisha mimi mwenyewe, miaka tisa iliyopita, alipoingia hapa hajui amshike punda wapi. Leo wenye farasi wakipiga simu wanamwulizia yeye. Na mbele za wageni haniiti Daktari, ananiita Shemeji, basi wageni wananiangalia kama mtu aliyeingizwa kazini kwa mlango wa nyuma.

Nilipomweleza mke wangu alifurahi. Alisema vyovyote vile cheo kitabaki nyumbani. Cheo si sufuria, hakiazimwi.

Lazima nipange. Nahitaji kazi moja kubwa kabla ya Ijumaa, Mkubwa aione kwa macho yake. Na saa tisa alasiri, simu! Mama mmoja anayeuza miche ya maua, ana farasi jike anayevuta mkokoteni wa kusambazia miche hiyo. Farasi ana tabia ya kung'ata komeo la lango akisubiri chakula. Jana bati likaanguka nyuma yake. Akashtuka, akarudi nyuma kwa nguvu zote, meno bado yameshika komeo. Taya la chini limevunjika kwa mbele. Atamleta Jumatano asubuhi, lori likipatikana.

Taya! Taya ni langu. Hakuna mtu katika jengo hili anayekaza waya wa taya kama mimi, na hilo hata adui zangu wanalikubali.

Tatizo ni zamu ya kupokea wanyama; asiyepokea siku hiyo huenda kazi za nje, mashambani. Jumanne mimi, Jumatano Shemeji. Na utaratibu wa hapa haubadiliki: aliyempokea mnyama ndiye anayemtibu mpaka mwisho. Nikangoja watu waende kunywa chai, nikafuta ubao kwa mkono wa shati, nikaandika upya kwa mwandiko wa kuiga. Jumanne, Shemeji. Jumatano, mimi. Nimefika nyumbani na wino mpaka kiwikoni. Nimemwambia mke wangu ni dawa ya kupe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Lori limepatikana leo.

Nilikuwa wapi? Shambani, mwendo wa saa nzima kutoka hospitali, napunguza pembe za madume kumi na moja. Kazi ya nje ya Jumanne. Kwa mujibu wa ubao, ilikuwa yangu. Kwa mujibu wa ubao nilioandika mimi. Dume la saba lilinikanyaga.

Nimerudi alasiri nachechemea, nimekuta farasi yumo kizimbani na Shemeji anatazama picha za eksirei kwenye taa. Amenishukuru kwa kubadilishana naye zamu! Alidhani nimemhurumia kazi ya pembe, kwa kuwa juzi alilalamika bega. Alisema hatausahau wema ule. Nikasema si kitu.

Bwana Usingizi alikuwa pembeni, amekunja mikono. Huyu ndiye mtaalamu wetu wa dawa za usingizi, na daima ana macho ya mtu aliyezionja. Alisema taratibu kwamba mwandiko wa ubaoni leo una haya. Nikajitia sikusikia.

Mwenye farasi, Mama Miche, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kizimba. Mwanamke mwembamba, mikono ya udongo. Hakuuliza farasi ataachiwa lini, wala nani atasukuma mkokoteni. Aliuliza jambo moja.

"Atakula?"

Shemeji akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Akamwambia ataanza kwa uji wa pumba, halafu atakula. Mimi pia nilifungua mdomo niseme atakula. Nilichelewa.

Mguu umevimba. Nimeulowesha kwenye beseni. Mke wangu anasema Shemeji amempigia simu kunisifu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeshika taa. Miaka ishirini na mmoja, halafu taa.

Farasi hakulazwa. Alisimama kwenye fremu ya mabomba, kalewa dawa ya kutuliza, kichwa kimeinuliwa kwa kamba ya kapi ili mdomo ufike usawa wa macho yetu. Shemeji akamchoma ganzi kidevuni, huku na huku, mpaka mdomo wa chini ukalegea kama soksi kuukuu. Akaosha jeraha. Zikatoka pumba, majani, na kipande cha kutu ya komeo. Meno manne ya mbele yalikuwa yananing'inia na kipande chao cha mfupa, yameshikwa na ufizi tu.

Naandika haya kwa uchungu: alifanya vizuri. Alipenyeza sindano nene kati ya jino na jino, akapitisha waya ndani ya sindano, akachomoa sindano, waya ukabaki. Jino baada ya jino. Akapasua shavu kidogo, upana wa ukucha, akatoboa kwa kekee ndogo kati ya gego la kwanza na la pili, akaufungia waya hapo na kuurudisha mbele, upande huu na upande ule. Yaani meno mazima yawashikilie wenzao walioumia. Nilitafuta kosa. Nilihamisha taa mara tatu nikilitafuta.

Ikafika zamu ya kukaza. Hapo ndipo wengi huharibu. Ukilegeza, mfupa unacheza. Ukizidisha, waya unakatika na kazi inaanza upya. Mkubwa alikuwa anatazama kupitia dirisha. Shemeji akanigeukia, akaninyooshea koleo.

"Shemeji, umalizie wewe. Mkono wako hauna mwenzake."

Mbele ya Mkubwa! Nikapiga hesabu haraka. Nikikaza na kazi ikafaulu, sifa ni zake. Nikikaza na ikaharibika, lawama ni zangu. Mtego mtupu. Nikasema mkono unaniuma, nikaushika kwa maumivu. Bwana Usingizi akauliza mbona jana nilikuwa nachechemea mguu. Nikasema yamepanda.

Shemeji akakaza mwenyewe, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ncha za waya akazikunja ndani na kuzifunika kwa plastiki laini inayokauka ikawa jiwe, zisije zikamkata mdomo. Mkubwa akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa Mkubwa hiyo ni hotuba.

Jioni farasi akafyonza uji wa pumba nusu ndoo. Mama Miche alimpa majani laini, akayanusa tu, akayaacha. Bado ana maumivu, kasema Shemeji. Mama Miche akayarudisha majani mfukoni.

Nimekula kidogo. Sikuwa na hamu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yamenyooka!

Farasi aliyefungwa waya huoshwa kinywa kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Leo asubuhi ilikuwa kazi yangu. Nikamwingiza kwenye fremu, nikavuta kapi, kichwa juu, nikafunua midomo. Na ninaona nini? Meno ya chini hayakutani na ya juu! Yamekaa nyuma. Si kidogo. Nikakimbia ofisini na mguu wangu huu, nikachukua rula. Milimita sita. Nikapima mara nne. Mara ya tatu zilikuwa sita na nusu.

Amekosea. Shemeji amekosea! Ameuvuta waya kupita kiasi, taya limerudi nyuma, na meno ya mbele yasipokutana farasi hawezi kukata jani. Ndiyo maana hataki majani! Kila kitu kinaeleweka.

Nilikaa kwenye stuli kwa dakika kumi nzima nikiwa na furaha. Sijakaa na furaha kwenye ile stuli tangu mguu wa nne ulipokatika.

Sasa, mtu mwema angefanya nini? Angemwendea Shemeji na kumwambia faraghani. Nimelifikiria hilo kwa haki. Lakini faraghani hakuna Mkubwa. Kesho saa nne Mkubwa atakuwepo, na wakubwa wawili kutoka makao makuu wanaokuja kushuhudia akimtaja mrithi. Na farasi ataonyeshwa kama kazi ya mfano ya kitengo. Kazi ya mfano!

Nimeandika ripoti. Kurasa sita, na mchoro wa rula. Nimeipa kichwa: Upungufu Uliogunduliwa Baada ya Upasuaji. Neno la kugunduliwa nimelipigia mstari.

Kosa langu lilikuwa kumweleza mke wangu wakati wa kula. Aliweka kijiko chini. Akasema nimpigie mdogo wake sasa hivi, kama kweli farasi ana shida basi ana shida leo, siyo kesho saa nne. Nikamwahidi nitamwambia. Sikutaja saa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Saa nne kamili. Mkubwa kavaa tai. Wageni wawili kutoka makao makuu wamesimama mbali na mavi. Bwana Usingizi yupo. Mama Miche kasimama shingoni mwa farasi wake, mkono mmoja kwenye manyoya. Mkubwa ana bahasha mfukoni mwa koti, ncha inachungulia. Sikuweza kuiondolea macho.

Farasi kwenye fremu, kichwa juu kwa kapi. Nilimfunga mimi mwenyewe, mapema, nikahakikisha kiko juu hasa.

Shemeji akaeleza kazi kwa maneno machache. Akamaliza. Mkubwa akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nikakohoa. Nikasogea mbele na ripoti na rula na koleo, nikafunua midomo ya farasi, nikawasomea ukurasa wa kwanza na sehemu ya pili ya ukurasa wa tatu. Nikawaonyesha milimita sita. Wageni wakainama kutazama. Nikamsikia mmoja akisema kwamba kweli hayakutani.

Nikasema kwa masikitiko, na masikitiko yale niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba hakuna budi waya ukatwe na kazi irudiwe, na kwamba niko tayari kuirudia. Mama Miche akaniuliza kwa sauti ndogo kama hiyo ndiyo sababu ya farasi kutokula. Nikamwambia ndiyo, mama, hiyo ndiyo sababu. Nikaweka koleo kwenye waya.

"Shemeji," akasema Shemeji, "mteremshe kichwa kwanza."

Nikasema hakuna haja. Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa, akili ilikuwa kwenye bahasha.

Hakunikamata mkono. Hakupandisha sauti. Akaenda ukutani, akalegeza kamba ya kapi, kichwa cha farasi kikashuka taratibu mpaka usawa wa magoti, kama anavyoinama kula. Akapiga magoti kwenye saruji na kufunua midomo. Meno ya chini yalikuwa yamesogea mbele. Yanakutana na ya juu, yote sita, ungedhani hayajawahi kuachana.

Kwa sababu ndivyo farasi walivyoumbwa. Akiinua kichwa, taya la chini hurudi nyuma. Akiinamisha, husogea mbele. Anayepima meno ya farasi kichwa kikiwa juu amepima upuuzi.

"Ni wewe ulinifundisha," akasema, bado amepiga magoti. "Wiki yangu ya kwanza hapa. Uliniambia nikithubutu kumpima farasi ameinua kichwa, nikatafute kazi ya kushona viatu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka rangi ya koti nililovaa siku ile. Nilikuwa na kiburi cha haki siku ile, nilikuwa nafundisha kitu cha kweli na kuna mtu anakiandika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikatoa koleo kwenye waya. Ripoti ikanining'inia mkononi, chini, karibu na pua ya farasi. Farasi akainusa. Akaiuma. Akakata kona yote ya kurasa sita kwa mkupuo mmoja, safi kama mkasi, akaitafuna.

Kitu cha kwanza mnyama yule kung'ata tangu avunjike taya ni ripoti yangu. Mama Miche akatoa majani mfukoni. Akayakata nayo. Mama Miche alilia bila sauti, akaendelea kumlisha.

Mkubwa akasema kutaja mrithi kumeahirishwa mpaka Jumatatu. Akaisukuma bahasha ndani ya mfuko mpaka ncha ikapotea.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu hajanisemesha tangu jana. Ananipa chai, anaweka kikombe mezani kwa adabu mno.

Mchana akanisemesha. Afadhali asingenisemesha. Amekaa mbele yangu, mikono mapajani, akaniambia alichokisikia kwa mdogo wake leo asubuhi. Jumatatu, Mkubwa alipotangaza tu, Shemeji alimfuata ofisini. Akamwambia yeye hataki kukaa mezani na mafaili, anataka kupasua. Akamwambia Shemeji yake amengoja muda mrefu, ndiye aliyewafundisha wote, na mgongo wake unahitaji kiti. Mkubwa akakubali palepale, akaandika barua, akaitia kwenye bahasha.

"Bahasha ile ilikuwa na jina lako," akasema mke wangu. "Ulishapata. Kazi yako ilikuwa kukaa kimya siku nne tu."

Siku nne.

Niliona haya. Naandika neno hilo kama lilivyo, sitalipamba. Niliona haya mbele ya mke wangu, na mbele ya mdogo wake asiyekuwepo, na hata mbele ya farasi. Mama Miche aliniuliza swali la kweli nikampa jibu la kujipendekezea cheo. Zilibaki sekunde mbili nikate waya mzima wa mnyama mzima.

Mke wangu akatoka. Nimekaa hapa nimeshika tama. Taya langu mwenyewe linaniuma, nadhani nalisaga usingizini.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji kuomba radhi. Nilitembea kwa miguu, mguu mmoja bado mkubwa kuliko mwenzake. Njiani nilitunga maneno ya kuanzia. Alipofungua mlango yakanipotea yote, nikasema tu nimekosa.

Akanikaribisha. Akanipa kiti chenye mgongo, mwenyewe akakaa kwenye mkeka, akaendelea kuchambua maharage. Nikamweleza mpaka habari ya ubao. Akasema alijua. Alijua tangu Jumanne? Hapana, Bwana Usingizi alimwambia Jumatano. Basi mbona alinipa koleo siku ileile, mbele ya Mkubwa?

"Kwa sababu unakaza vizuri," akasema.

Ndivyo tu. Akaniuliza mguu unaendeleaje. Nilipoaga akasema yameisha, Shemeji, nenda kapumzike.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mke wangu amenipakulia mara mbili. Naandika hapa, kwa kalamu ya wino isiyofutika: sitapanga tena. Mtu wa umri wangu hana haja ya mipango. Mipango inachosha kuliko kazi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mkuu mpya wa kitengo ni Shemeji.

Mkubwa alitangaza bila tai. Shemeji alikataa kwanza, nimesikia kupitia ukuta. Mkubwa akamwambia asipochukua yeye wataletewa mtu wa jengo la pili, la wanyama wadogo. Akachukua. Nilipiga makofi. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na niliyapiga kwa moyo, isipokuwa mwishoni.

Saa sita nikamkuta anasukuma kitu kwenye korido. Kile kiti, Mkubwa kakiachia mapema! Mikono miwili, mto wa kiuno, gurudumu moja linalia. Alikuwa anakisukumia chumbani kwangu. Akasema yeye hakai, kiti kitakaa bure. Stuli ya miguu mitatu akaibeba, akasema ataifanya ya kuwekea ndoo.

Nimekaa. Nimeegemea. Nimezunguka mara moja kulia na mara moja kushoto. Kiuno changu hakikuamini. Nilitaka kulia, na sina hakika kilio kilikuwa cha nini. Nimengoja hiki kiti miaka ishirini na mmoja, na nimekipata, na si chenyewe.

Kuanzia kesho nitawafundisha madaktari wapya habari za taya. Shemeji ameiandika ubaoni kabisa, kwa wino mwekundu, chini yake mistari miwili.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Wiki sita hivi. Sijaandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nimefundisha. Nimeosha vinywa. Nimelala saa tatu usiku. Nadhani hayo ndiyo maisha ya watu waungwana.

Leo Mama Miche amemrudisha farasi kutolewa waya. Shemeji akaniachia. Nikateremsha kichwa kwanza, nikawaeleza madaktari wapya kwa nini, wakaandika. Nikapasua plastiki, nikakata waya vipande vifupi, nikavivuta kimojakimoja bila kumwaga hata tone la damu. Mfupa umeunga. Nikabonyeza meno yale manne kwa dole gumba, hayakutikisika. Mkono wangu kweli hauna mwenzake.

"Anakula," akasema Mama Miche. Komeo la lango ameling'oa, amefunga kamba. Alituletea miche miwili ya maua ndani ya makopo, mmoja wangu, mmoja wa Shemeji. Wa Shemeji una maua matano. Wangu una manne na kichipukizi.

Nilikuwa na furaha. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu ya yaliyofuata.

Shemeji alinifuata chumbani, akafunga mlango. Akasema makao makuu wanataka kitengo kiwe na naibu mkuu. Ameshapeleka jina langu, nao hawana pingamizi. Barua inakuja Ijumaa. Halafu akashika mkono wa kiti changu, akaniangalia machoni.

"Nakuomba kitu kimoja tu, Shemeji. Usifanye chochote mpaka Ijumaa."

Nikamwambia hakika. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Akaenda.

Nikazunguka na kiti kidogo. Chochote? Kwa nini nisifanye chochote? Mtu hamwambii mwenzake atulie ila kuna jambo linapita. Na kwa nini alifunga mlango? Na Bwana Usingizi asubuhi alikuwa wapi kwa dakika arobaini, na shati lililopigwa pasi? Tangu lini Bwana Usingizi anapiga pasi, kama hautaki unaibu?

Jumatano anakuja ngamia, taya limevunjika pande zote mbili, kazi ya siku nzima. Makao makuu lazima watapita kuona. Na zamu ya kumpokea na kumlaza ngamia huyo ni ya nani? Ya Bwana Usingizi. Kwa bahati tu? Sidhani.

Sina mpango wowote. Nilikula kiapo na kiapo nimekishika. Kubadilisha zamu si mpango, ni usimamizi, na naibu mkuu mtarajiwa ana wajibu wa kusimamia. Nilingoja waende kunywa chai. Safari hii mwandiko hauna haya.

Shati nimelitia kwenye beseni kabla mke wangu hajarudi.